Mwanamichezo bora wa muda wote kwangu ni mkimbiaji wetu Filbert Bayi, na sababu ninazo

Habari zenu wakuu. Hili jambo nimetembea nalo toka wiki iliyopita na nimeona nisipoliandika litanikosesha usingizi.

Pale kijiwe chetu cha kahawa Magomeni, baada ya magharibi, ubishi wetu wa kila siku ni Simba na Yanga, lakini siku hiyo ligi ilikua imesimama watu hawana cha kugombania, ndo dogo mmoja wa boda akarusha swali, ivi nani mwanamichezo mkali kuliko wote toka dunia iumbwe? Wakuu, kahawa zilipoa kwenye vikombe.

Akajijibu mwenyewe, Usain Bolt. Mita 100 kwa sekunde 9.58 pale Berlin 2009, mpaka leo hakuna alieigusa, na dhahabu 8 za Olimpiki, na zingekua 9 kama mwenzake wa kupokezana vijiti asingekutwa na dawa. Muuza vocha akamkata, Michael Phelps yule muogeleaji ana medali 28 za Olimpiki peke yake, 23 ni dhahabu, sasa nyie Watanzania toka mwanze kwenda Olimpiki 1964 mna ngapi? Tukakaa kimya maana tunazo mbili, zote za fedha. Mwingine akaleta Pelé na makombe yake matatu ya dunia, akaja wa Messi, na akishakuja wa Messi lazima ainuke wa Ronaldo, hapo sina haja ya kusimulia mnajua ilivyoenda.

Sasa kuna mzee wetu mmoja pale, shikamoo yake ukishampa anarudi kwenye kashata yake, haongei sana. Siku hiyo akaweka kikombe chini akasema, "Muhammad Ali. Na nyie watoto hamjui tu, huyo mtu alifika hapa hapa Dar."

Vijana wakacheka. Mzee hakubishana nao. Mi nikamuunga mkono kwasababu ni kweli kabisa, Februari 1980 Ali alitua Dar es Salaam, katumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani azunguke Afrika kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow kisa Wasovieti wameingia Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana nae. Mtu aliekua bingwa wa dunia, anaependwa na kila mtu mpaka watoto wadogo, Mwalimu hakumpokea. Serikali iliona kutumiwa bondia aje kuongea mambo ya nchi na nchi ni kudharauliwa.

Tukaenda Moscow. Na zile medali mbili ambazo muuza vocha alitusimangia zimetoka huko huko Moscow mwaka huo huo, Suleiman Nyambui mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Yani Mwalimu angemsikiliza Ali leo tungekua hatuna hata moja. Niliposema hivyo kijiwe kizima kilinigeukia.

Na hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka, maana Ali mwenyewe kabla ya hapo aliwahi kupoteza miaka yake mizuri kwasababu ya msimamo. 1967 alikataa kwenda jeshini kupigana Vietnam, wakamvua ubingwa, hakurudi ulingoni mpaka Oktoba 1970. Bondia wa miaka 25 mpaka 28, hiyo ndo miaka ya mtu kula ugali wake. Nani atahesabu mapambano ambayo hakupigana? Kwaiyo hii habari ya kuhesabu medali na mikanda mi naona ina tobo kubwa sana, ukihesabu medali unahesabu pia nani aliruhusiwa kuwepo siku hiyo, nani alikua na nauli, nani nchi yake haikua na ugomvi na mtu, alafu yule ambae hakuwepo unamwandikia sifuri kama vile alikimbia akashindwa.

Ndo nikamtaja Bayi. Vijana wengi wanamjua kwa jina tu, kuna alieuliza kama ni yule mwenye shule. Ndio, ni huyo huyo, lakini kabla ya shule kuna tarehe 2 Februari 1974.

Christchurch, New Zealand, michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1,500. Bayi ana miaka 20, mtoto wa Karatu, mwanajeshi wetu. Pembeni yake yupo Ben Jipcho wa Kenya, yupo John Walker kijana wa pale pale New Zealand na uwanja wote ni wa kwao. Mbio za mita 1,500 kwa kawaida watu wanaviziana, unajificha nyuma ya mwenzako akukate upepo, unamwangalia huyu unamwangalia yule, mzunguko wa mwisho ndo kila mtu anatoa alichonacho. Bayi akasema hapana. Bunduki ilipolia alienda mbele na hakurudi. Mbele mwanzo, mbele katikati, mbele mwisho, hakuna wa kumvuta, hakuna wa kumkinga, na kila anaemfukuza anamwona mgongo wake anajua kabisa cha kufanya ila miguu haikubali. Akamaliza dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker aliekua wa pili nae aliivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun iliyokua imekaa toka 1967, na bado akawa wa pili! Fikiria unavunja rekodi ya dunia nyumbani kwenu alafu unakuta kuna Mtanzania amesimama mbele yako anakusubiri.

Rekodi za dunia zinavunjwa, sawa, lakini muda ule kama rekodi ya michezo ya Jumuiya ya Madola ulikaa miaka 48. Arobaini na nane. Mpaka Birmingham 2022 ndo Mwaustralia Oliver Hoare akaushusha. Katikati hapo wamepita mabingwa wa kila aina, viatu vimebadilika, viwanja vimebadilika, chakula na madaktari vimebadilika, na wote wakaondoka wameiacha.

Mwaka 1975 Bayi akaenda Kingston, Jamaika, akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976, Bayi na Walker. Tanzania haikwenda. Timu ya raga ya New Zealand ilikua imeenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand izuiwe, haikuzuiwa, tukasusa pamoja na wenzetu wengi wa Afrika. Na dhahabu ya mita 1,500 ikachukuliwa na nani? John Walker wa New Zealand. Muda wake 3:39.17, sekunde 7 nyuma ya ule wa Bayi wa Christchurch. Najua mbio za mbinu huwa za taratibu na siwezi kula kiapo kwamba angeshinda, tena inasemekana karibu na wakati ule alikua ametoka kuumwa malaria, na sisi wa huku tunajua malaria ikikushika inakuacha vipi. Sisemi tulikosea kususa. Mi naamini tulifanya sawa na ningekuwepo ningesema tususe. Nachosema ni kwamba gharama ya msimamo wa nchi nzima alilipa mtu mmoja kwa miguu yake, na leo tunamhukumu kwa kuhesabu dhahabu.

Dogo wa boda akasema, bro hayo maneno tu, mita 1,500 mbona kawaida, hata mimi shuleni nilikimbia. Nikamwambia Jumapili tukutane kiwanjani.

Tukaenda kweli, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, kile kiwanja cha vumbi nyuma ya mtaa. Fundi seremala akaja na futi yake ya mita 5, tukaivuta mara 20, mwanzo na mwisho tukachora na chokaa. Hesabu ni rahisi, ukigawa ule muda wa Bayi kwa kila mita mia unapata sekunde 14.1 na kidogo. Nikamwambia dogo kimbia mita mia moja tu, moja, uniletee 14.

Dogo ana miaka 22 hana kitambi, akavua ndala, akatoka kama amefukuzwa na mgambo. Mi nimeshika simu ya kuhesabu. 14.6. Alivyofika kwenye chokaa hakusimama, alienda mpaka kwenye goli akashika nguzo, jasho linadondoka kwenye vumbi linaacha vishimo, mdomo wazi. Nikamsogelea nikamwambia, mdogo wangu, sasa Bayi alikimbia kasi kuliko hiyo yako, alafu akaunganisha nyingine 14 bila kupumzika. Hakunijibu. Akakaa chini. Baada ya muda akasema, "kumi na tano?" Nikamwambia kumi na tano.

Wakati tunarudi tukapita kwa dada wa chapati, nae alishasikia huu ubishi wiki nzima akatukatia njia. "Nyie kaka zangu siku zote hizo mnataja wanaume tu, Faith Kipyegon mmemuweka wapi?" Wakuu, hapo nilibanwa haswa. Maana Faith umbali wake ni huo huo wa Bayi, mita 1,500, dhahabu ya Rio, dhahabu ya Tokyo, dhahabu ya Paris, Olimpiki tatu mfululizo, na katikati ya hizo 2018 alijifungua mtoto akarudi akiwa moto zaidi, Julai 2025 kaishusha rekodi ya dunia ya wanawake mpaka 3:48.68. Nikamwambia dada kwa hilo sina ubishi na wewe, mtu akisimama na Faith simpingi hata kidogo. Akasema, "Basi muandike." Nimemuandika.

Jamaa wa Mbulu kijiweni nae ana wake, John Stephen Akhwari, Mexico City 1968, alieanguka goti likaumia akafungwa bandeji akamaliza marathoni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, uwanja watu wameshaondoka. Nampenda sana Akhwari, ila naona tukimtaja yeye kila mara dunia inatujua kwa kumaliza wa mwisho kwa heshima, wakati tuna watu waliokua wanamaliza wa kwanza. Juma Ikangaa alishinda New York 1989, na mwaka kabla ya hapo Boston alipigwa na Ibrahim Hussein kwa sekunde moja. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu pale Tokyo, bingwa wa dunia wa marathoni, 2:09:48, muda sawasawa na Mjerumani Amanal Petros mpaka wakaamuliwa kwa picha ya mstarini. Kilomita 42 alafu mnatofautiana kifua! Siku ile nililia na sioni aibu kusema.

Lakini bado nabaki na Bayi, kwa ile staili. Hata Moscow alifanya vile vile, akaenda mbele akaacha pengo kubwa, Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Angekaa nyuma akavizia labda angepata dhahabu, labda. Hakujua kuvizia, na mimi mtu wa hivyo ndo nampa taji.

Juzi nikaona maneno yamekua mengi, nikaitafuta ile klipu ya Christchurch nikaenda nayo kijiweni. Tukajazana kwenye kisimu changu watu nane, mzee tukampisha katikati. Alikua anaivuta simu karibu na miwani. Bayi anaonekana mbele kule kajiachia, wengine kundi. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Mwaka ule tulisikia kwenye redio tu. Sijawahi kumwona akikimbia." Alafu akasema, "Kumbe alikua mwembamba hivi."

Kona ya mwisho Walker anakuja, anakuja, kijiwe kizima kinapiga kelele kama vile hatujui nani anashinda. Bayi akapita mstari. Mzee akanirudishia simu, alafu akaichukua tena.

"Mwanangu, irudishe mwanzo."

Nikairudisha. Mzunguko wa pili haujaisha bando likakata, na dogo wa boda, yule yule wa Bolt, akatoa simu yake mfukoni akaniunganisha.