Jumapili kwenye mkeka wa bibi

Wiki saba nafanya kazi hotelini Nungwi, huku Zanzibar, bila mapumziko. Leo ndiyo nimeipata Jumapili yangu.

Asubuhi nikaenda ibadani Mkunazini. Jiwe la msingi la kanisa lile liliwekwa 1873, palepale palipokuwa soko la watumwa. Kila nikikaa mle nawawaza wale ambao hata pumziko lao lilikuwa mali ya mtu mwingine.

Narudi Michenzani nikalale, namkuta bibi jirani yangu chini ya ngazi na ndoo zake.
Maji hayapandi juu.

"Shikamoo bibi, niachie mimi."

Safari nne, hadi ghorofa ya nne.

Ndoo ya mwisho nimeitua miguu ikitetemeka. Bibi akatandika mkeka.
"Kaa kitako, mwanangu. Leo si siku yenu ya kupumzika?"

Yeye Muislamu, na ndiye aliyenikumbusha!

Akachukua kipepeo akawa ananipepea, polepole, huku midomo yake ikisoma uradi. Nikapitiwa na usingizi palepale.

Mpaka sasa nausikia ule upepo usoni.

Jamani, nani aliwahi kukupumzisha hivi? Niandikieni hapa, nitasoma zote usiku huu.