Mtu wa Malindi kwenye maji ya barafu: chungeni mikono

Ushauri niliopewa kabla ya kwenda Antaktika kuogelea kwa snokeli, ule mrija wa kupumulia uso ukiwa majini, ulinikera, ndiyo maana naandika. Mmoja aliniambia nijipake samli mwili mzima. Mwingine, tena mzamiaji, akasema nijirushe majini kwa mkupuo ili mwili uzoee. Msithubutu! Maji ya kule hushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda kwa sababu ya chumvi. Huganda yakikaribia -1.8. Ukijirusha, kifua kinavuta pumzi kwa nguvu bila ruhusa yako, na mdomo ukiwa majini unaimeza bahari. Shuka taratibu, shikilia boti, pumua mpaka kifua kitulie.

Mimi hutembeza wageni kwa snokeli katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Msimu wa kule unaangukia kaskazi yetu, Novemba hadi Machi, kwa hiyo wageni wangu nilimwachia binamu. Pesa iliyotoka ingeninunulia boti, na sehemu kubwa alinichangia mgeni wangu wa siku nyingi. Meli huondoka Ushuaia, Argentina, ikavuka mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kwa kama siku mbili za mawimbi.

Mara ya kwanza sikukaa majini. Nguo kavu niliyopewa melini, yaani vazi la kuzamia lisiloingiza maji, lenye mpira wa kubana shingoni na mikononi, ilikuwa na ufa mdogo kwenye mpira wa shingo. Maji yakapenya, yakateremka mgongoni polepole, yakafika kiunoni, na sufu yote ya ndani ikaloa. Nikainua mkono, wakanivuta. Tangu hapo kila nguo niliivuta mpira wa shingo na wa mikono kwenye mwanga, mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu.

Mikono ndiyo iliyonipa sifa. Glavu za kule ni za mpira mnene lakini huingiza maji, na maji hayo yakiwa ya barafu, vidole vinakufa ganzi upesi. Nikaomba jikoni chupa ya chai iliyojaa maji ya uvuguvugu, ya kiasi cha kumwogeshea mtoto, nikayamimina ndani ya glavu kabla tu ya kushuka. Yakashikiliwa na ule mpira mnene, ya baridi yakakosa nafasi. Wenzangu walitoka hawawezi kushika kamba. Mimi nilijifungulia mwenyewe mkanda wa risasi, ule wa vipande vya madini mazito vya kuzuia mwili usielee, kiongozi akaja kuniuliza nimefanyaje! Kesho yake kila mtu alikuja na chupa.

Midomo tu ndiyo hubaki wazi: inawaka, kisha huisikii tena. Hewa nayo itoeni kwenye nguo kabla ya kuogelea. Ikikimbilia miguuni, miguu inaelea na kichwa kinazama.

Na nilichokiona? Ubavu wa barafu chini ya maji, wa buluu, una vishimo vishimo, na pengwini anapita akiacha mstari wa mapovu. Kisha sili chui, mnyama mkubwa wa baharini anayewinda pengwini, akatoa kichwa, kiongozi akapiga filimbi, tukapanda sote. Sikubisha. Mwaka 2003 mtafiti Mwingereza aliuawa na sili chui akiwa kwenye snokeli karibu na Rothera, kituo cha utafiti cha Waingereza huko Antaktika.

Wanaouliza nguo za ndani: nilichambua mitumba hapa hapa Malindi, masweta ya sufu yasiyotakiwa na mtu kwa joto letu, kwa bei ya chai na maandazi. Pamba msibebe, ikiloa jasho inawapoza.