Usiku umeme ulipokatika

Mama alitoka Tanga kuja kuniuguza. Tangu niliporuhusiwa kutoka hospitali alilala chumbani kwangu, chini kwenye mkeka, ingawa kitanda kilitutosha sote wawili. Aliogopa kunigonga kichwa usingizini. Kidonda kilikuwa nyuma ya sikio la kulia, kimepinda kama mundu, na nyuzi zilikuwa ndiyo kwanza zimetolewa.

Miaka mitatu nilihangaika na mvumo kwenye sikio lile. Zahanati walinisafisha nta, wakanipa dawa ya matone, nikarudi nyumbani na mvumo wangu ule ule. Nilipoanza kuyumba njiani ndipo nikaandikiwa kipimo cha MRI, cha kupiga picha ya ndani ya kichwa, ukaonekana uvimbe wa sentimita 3 kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia na wa mizani, yaani wa kusimama bila kuyumba. Si saratani, daktari alilirudia hilo mara mbili ili mama asikie. Lakini ulikuwa umeshaanza kusukuma shina la ubongo.

Upasuaji ulichukua saa 9. Uvimbe ulitoka, na usikivu wa sikio la kulia ukaenda nao, kama nilivyoelezwa mapema. Mshipa wa uso, unaopita pale pale, ulikuwa umegandana na uvimbe, ikabidi wauchambue kidogo kidogo. Haukukatwa, ila ulilegea: chai ilinichuruzika pembeni mwa mdomo, na jicho la kulia halikufumba. Kila usiku mama alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akanitia marhamu jichoni, kisha akalifunga kwa plasta.

Mchana nilikuwa naendelea vizuri. Mama alibandika ukutani karatasi yenye herufi A; nilikazia macho herufi ile huku nikigeuza kichwa kulia, kushoto, yeye akihesabu. Ndiyo mazoezi niliyopewa, ili ubongo uzoee kutegemea mizani ya upande mmoja. Siku za mwanzo tukifika ishirini natapika. Wiki ya tatu nikawa natembea peke yangu hadi uani, nikajiona nimepona.

Basi siku hiyo, saa mbili usiku, nilikuwa koridoni natoka kuoga. Umeme ukakatika.

Giza liliponifunika, sakafu ilinitoka. Vigae vya baridi navihisi kwenye nyayo, lakini sijui juu ni wapi wala chini ni wapi. Kumbe wiki zote zile macho ndiyo yaliyokuwa yakinisimamisha. Niliangukia kulia, nikaparuza ukuta hadi chini.

Mkono ulikwenda wenyewe nyuma ya sikio. Pakavu. Nilikuwa nimeonywa: majimaji mepesi yakitoka kwenye kidonda au puani, au ukihisi chumvi kooni, wahi hospitali. Nikalamba mdomo, nikaonja chumvi. Moyo ulinipasuka. Nikajipapasa puani, hakuna kitu. Yalikuwa machozi ya jicho la kushoto.

“Mwanangu!”

“Abee, mama. Nimeanguka.”

“Usiinuke. Nakuja.”

Sauti niliisikia kushoto, nikageukia kushoto, nikanyoosha mkono. Mkono wake ukanigusa bega la kulia. Nilipiga kelele. Mwenye sikio moja, kila sauti humjia upande ulio hai; mchana nilikuwa natafuta midomo ya anayesema, sasa sikuwa na cha kutafuta.

Mama hakuuliza kitu. Nilisikia kanga yake ikiburuzika sakafuni, akanizunguka, akaninong’oneza sikio la kushoto: “Haya, sasa niko huku unakonisikia.” Akabandika kiganja changu kimoja ukutani, cha pili akakishika. Tulikwenda hivyo hivyo hadi mlangoni, hatua kama saba, nikipapasa ukuta.

Asubuhi alinunua taa ndogo ya kuchaji, akaitundika kwenye msumari koridoni. Na hadi siku alipopanda basi kurudi Tanga, hakukaa tena upande wangu wa kulia.