Paipu ya kukunja na paipu ya kuunganisha

Kuta za nyumba za mawe hapa Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, ni nene, na mara nyingi hazikutani kwa pembe mraba hata ndani ya chumba kimoja. Elbo za madukani, yaani viungo vya kona, nazo huwa za nyuzi 90 au 45 na hazina mjadala. Tofauti hiyo kati ya ukuta na elbo ndiyo inayowafanya wengi wetu kuwasha jiko la makaa na kuikunja paipu ya PVC kwa moto hadi ifuate ukuta unavyotaka. Mimi pia hukunja, lakini kwa sharti moja: paipu inayobeba maji yenye presha siikunji kamwe. Fremu ya chandarua, kivuli cha miche, njia ya nyaya za umeme na paipu ya kushusha maji ya mvua, hizo nazikunja bila wasiwasi.

Sababu iko kwenye ukuta wa paipu yenyewe. Kona inapokunjwa, upande wa nje huvutika na kuwa mwembamba, na paipu huacha kuwa ile iliyopimwa kiwandani. Wapo watakaobisha kwamba tangi likiwa juu ya paa, kila mita 10 za kimo huleta takribani bar 1 tu, ilhali paipu iliyoandikwa PN 10 imekadiriwa kuhimili bar 10. Hesabu hiyo ni sawa maji yakiwa yametulia. Lakini mfereji ukifungwa ghafla, au pampu ikiwaka, presha hupanda kwa kishindo, na kishindo hakichagui pa kupasulia isipokuwa pale palipo pembamba. Isitoshe, kadirio hilo la bar 10 ni la maji ya nyuzi joto 20, na joto likizidi hapo uwezo wa paipu hupungua.

Kwa fremu ya chandarua hutumia paipu ya robo tatu inchi. Naziba mdomo mmoja kwa kitambaa kilichobanwa sana, namimina mchanga uliokaangwa kwenye karai hadi ukakauka kabisa, nagongagonga ubavu ili mchanga ushikamane, kisha naziba mdomo wa pili. Mchanga huo ndio unaoizuia paipu isibonyee ndani inapokunjwa. Ukiwa na unyevu, mvuke wake unaweza kukirusha kizibo usoni pa mtu, kwa hiyo hatua ya kukaanga si ya kurukwa. Baadaye naizungusha paipu juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, kwa umbali wa shubiri moja hivi, bila kuiacha itulie mahali pamoja. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 za Selsiasi au karibu na hapo, lakini hukunjika vizuri kati ya 110 na 130, na ndiyo maana maji yanayochemka hayatoshi kwa paipu nene. Ishara ninayoingojea ni paipu kulegea kwa uzito wake huku rangi yake ikiwa haijabadilika. Hapo naikunja juu ya ubao wenye misumari iliyopangwa kwa upinde, napitiliza kidogo kwa kuwa itarudi nyuma, na naipangusa kwa kitambaa chenye maji hadi ipoe. Upinde wenyewe usiwe wa kubana: nusu kipenyo chake kiwe angalau mara 5 ya kipenyo cha paipu.

Ikigeuka kahawia, tayari inaungua, na moshi wake una haidrojeni kloridi, gesi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo huwa asidi. Kazi hii ni ya uani penye upepo, wala si ya jikoni.

Mzee mmoja jirani yangu hunitania: “Mwanangu, sisi tulichoma mdomo wa paipu, tukaingiza nyingine, na maji yakapita.” Ni kweli yalipita, na kwa maji ya mvua bado yanaweza kupita. Ila mdomo uliopanuliwa kwa moto huwa haulingani unene pande zote, na gundi haiwezi kuziba pengo ambalo plastiki haikugusana.

Gundi ya PVC hufanya kazi tofauti na gundi nyingine, kwani huyeyusha kidogo nyuso zote mbili, nazo zikashikamana na kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo paipu ikatwe kwa pembe mraba, na karatasi iliyozungushwa paipu hadi kingo zake zikutane huonyesha mstari wa msumeno bila kubahatisha. Vinyuzi vya ukingo viondolewe kwa kisu au tupa. Ikijaribiwa kavu, paipu iingie sehemu ya soketi, yaani mdomo wa kiungo, na kukwama kabla ya kufika mwisho. Gundi ipakwe pande zote mbili, paipu isukumwe huku ikizungushwa robo mzunguko, kisha ishikiliwe kama nusu dakika, kwani soketi hupungua upana kuelekea ndani na huisukuma paipu itoke. Kwa jua letu la mchana gundi hukauka kabla mkono haujafika, hivyo napendelea asubuhi mapema. Gundi iliyoanza kuganda mkebeni itupwe. Thina ya rangi haiirudishi.

Paipu nyeusi za polithini na zile za PPR (plastiki aina ya polipropilini) hazishikwi na gundi hii. PPR huunganishwa kwa pasi maalumu ya nyuzi joto 260 hivi.

Juu ya paa kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza. Paipu ya PVC ya mita 6 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa zaidi ya sentimita moja, na ikiwa imebanwa kila upande itapinda au itang’oa kiungo. Vibano viachwe na nafasi ya kuteleza, na paipu ipakwe rangi nyeupe ya maji, kwa sababu jua huifanya iwe rahisi kuvunjika.

Paipu za ndani ya ukuta zikae wazi siku nzima baada ya kuunganishwa, zijazwe maji, na kila kiungo kipanguswe kwa karatasi kavu ili tone lionekane. Fundi wa chokaa aitwe baada ya hapo.