Mlima wa bandarini

Juzi mpwa wangu kaniletea ujumbe: "Mjomba, watu wa damu wanakuja chuoni Jumatano, na Jumamosi tuna mechi Gombani. Nikitoa, nitaweza kucheza?" Nikamjibu mistari miwili. Kisha nikabaki na simu mkononi, maana mara ya kwanza mimi kutoa damu ni usiku aliozaliwa yeye, na hilo sijapata kumwambia.

Ya usiku wenyewe nayapita. Mama yake alivuja damu baada ya kujifungua, tukaitwa ndugu, nikapimwa, nikalala, mfuko ukajaa, nusu lita kasoro kidogo. Asubuhi dada akafumbua macho akaomba uji.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nikatoka kukimbia. Kawaida yangu ilikuwa kuteremka kutoka Wete mjini hadi bandarini, kisha kuupanda mlima bila kusimama. Kuteremka nilijiona mzima kabisa: maji nimekunywa, nimekula, nimelala. Nikageuza.

Mwanzo haukunipa taabu. Nilipofika pale mzee mmoja alipokuwa akitandaza majamvi ya karafuu, moyo ukaanza kwenda mbio kuliko miguu. Niliusikia masikioni, shingoni, hadi kwenye ufizi. Navuta pumzi, kifua kinajaa, na mwili bado unadai. Hewa ilikuwepo tele, imejaa harufu ya karafuu mbichi, lakini haifiki mapajani. Miguu ikawa mizito kama niliyeingia majini na nguo. Nikasimama.

"Una nini, mwanangu?"

"Nimetoa damu juzi usiku, babu."

"Kumpa nani?"

"Dada yangu. Kajifungua."

"Basi tembea. Nani anakufukuza?"

Akarudi kwenye majamvi yake. Nikatembea, mkono kifuani, na katikati ya ule uchovu ikanijia furaha ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri: kile nilichokikosa pale mlimani kilikuwa wodini, kinazunguka mwilini mwa dada.

Baadaye muuguzi alinifahamisha. Majimaji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, ndiyo maana mtu hujiona yuko sawa. Chembe nyekundu, zinazobeba oksijeni, huchukua wiki kadhaa. Figo zikihisi oksijeni imepungua hutoa homoni ya kuuhimiza uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, utengeneze chembe nyingine, na kazi hiyo yataka madini ya chuma. Ukitembea hutaona tofauti. Ukiulazimisha mwili hadi mwisho wa nguvu zake, chembe zilizobaki hazitoshi, na moyo unajaribu kufidia kwa kupiga haraka zaidi. Mama akanilisha maini na kisamvu. Siku niliyoupanda tena mlima bila kusimama, msimu wa karafuu ulikuwa umeshakwisha.

Basi mpwa wangu nilimwandikia: "Toa. Jumatano hiyo pumzika. Jumamosi utacheza, ila utachoka mapema, mwambie mwalimu wako." Wapo watakaosema ningemwambia asubiri mechi ipite, na hawana kosa, damu itahitajika na wiki ijayo. Lakini baada ya mechi huja mechi.

Hajajibu. Nafikiri nimweleze habari ya usiku ule, au nimwache aamue bila deni lile kichwani. Mama yake anasema nimwambie. Mimi bado.