Nimeifuta sentensi yangu ubaoni

Miaka kumi na moja nimewaandikia watoto wa darasa la tano: "Bakteria ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho bila hadubini." Juzi niliifuta mbele yao, nikaanza upya na maneno mawili: "Bakteria wengi..."

Sababu ni bakteria wa kwenye tope la bahari ya Namibia, karibu na Walvis Bay. Anaitwa Thiomargarita namibiensis, yaani lulu ya salfa ya Namibia. Mwaka 1997 Heide Schulz, mwanasayansi wa Kijerumani, alikuwa ndani ya meli ya utafiti ya Kirusi akichunguza tope lililopandishwa kutoka chini. Akaona vidoto vyeupe vimefuatana kama shanga uzini. Wengi wana upana wa milimita 0.1 hadi 0.3, na wakubwa kabisa hufika 0.75. Niliweka nukta ya kalamu kwenye karatasi nikaipitisha dawati kwa dawati. Hiyo, nikawaambia, ni seli moja tu. Mtoto mmoja akaisugua kwa kidole aone kama itatoka.

Lakini maisha yake ndiyo yaliyoniteka. Pwani ile maji baridi hupanda kutoka vilindini yakiwa na rutuba tele. Vijimea vya baharini hustawi kupita kiasi, hufa, huzama na kuoza. Uozo humaliza oksijeni, na bakteria wengine hutoa gesi ya salfa inayonuka mayai viza. Harufu hiyo naijua. Utotoni Mikindani nilikuwa nikimfuata mama mikokoni kuokota kombe. Mguu ukizama, tope la juu ni la kijivu, la chini jeusi tii, na harufu inakupanda puani. Kule Namibia gesi hiyo mara nyingine hufumuka kwa wingi, samaki wakafa, na kambakoche wakatambaa hadi ufukweni.

Sumu hiyo kwake ni chakula. Ila ili aitumie anahitaji naitreti, aina ya chumvi yenye naitrojeni, nayo imo kwenye maji yaliyo juu ya tope, na yeye kuogelea hawezi. Basi husubiri. Dhoruba au gesi ikilitibua tope, hurushwa juu, akajaza naitreti kwenye kifuko cha ndani kinachochukua karibu asilimia 98 ya mwili wake. Humo naitreti huweza kuzidi ile ya bahari mara 10,000! Kisha hutua tena topeni na akiba yake, akakaa hata miezi. Mng'ao wake wa lulu ni vipunje vya salfa vilivyojipanga kwenye ukingo mwembamba uliobaki.

Mwaka 2022 alitangazwa ndugu yake, Thiomargarita magnifica, mrefu wa sentimita 1 hivi, kama uzi mweupe. Alipatikana visiwa vya Guadeloupe, juu ya majani ya mikoko yaliyozama majini.

Majani ya mikoko! Jumamosi maji yakitoka nawapeleka watoto mikokoni. Nimeshaazima lenzi mbili, na kila mtoto atakuja na sahani nyeupe.