HER2 ya dada ilisoma 2+, nilivyohangaika mpaka tukapata jibu

Dada yangu alipokutwa na saratani ya titi kila mtu akawa daktari. Mara "kansa ni kansa, aanze kemo kesho", mara vipimo vya homoni ni vya kula hela tu. Hapana jamani! Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikishasomwa kuwa ni saratani bado kipimwe ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye saratani) na HER2 (protini inayoikuza saratani). ER au PR ikiwa chanya kuna vidonge kama tamoksifeni, HER2 ikiwa chanya kuna sindano ya Herceptin, zote tatu zikiwa hasi dawa hizo hazimsaidii, daktari anapanga kingine kabisa.

Majibu yakaja: ER chanya, PR chanya, HER2 2+. Shemeji anasema plasi si ndo chanya hiyo, jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati anasema hasi. Wote wamekosea. 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, 2+ haijaamua, inabidi kipimo kingine kinaitwa FISH kinachoangalia jeni ya HER2 yenyewe.

Hapo sasa wakatwambia dada akatwe kinyama upya. Nikakataa, kwa sababu kile cha kwanza hakijatupwa, kipo maabara kimegandishwa kwenye nta. Nikaenda kukiomba, kaka wa dirishani akanipa slaidi (vioo vyenye vipande vyembamba vya kinyama) zilizokwishapakwa rangi, nikazipeleka maabara nyingine mbali huko na foleni ya Dar mnaijua, wakanirudishia: hizi hazitufai, lete blok, yaani kile kinyama chenyewe kwenye nta. Nikarudi kwa dokta akaniandikia barua yenye namba ya patholojia ya dada, na barua ile ndo ilifungua mlango, maana bila namba hawajui waanzie kabati lipi. Blok yenyewe ni kidude cha plastiki unakifumbata mkononi, nta nyeupe, katikati kanyama kembamba, namba imeandikwa ubavuni. Nililinganisha namba na barua tarakimu kwa tarakimu kabla sijasaini. Na usiiache kwenye gari juani, nta inaweza kuyeyuka. Nilienda nayo kwenye pochi, nimeipakata bajaji nzima.

Maabara ya pili wakauliza kinyama kilikaa fomalini (dawa ya kukihifadhi) muda gani. Hilo mlijue kabla mgonjwa hajakatwa: kiingie fomalini ndani ya saa 1, kikae kati ya saa 6 na 72, la sivyo majibu yanaweza kudanganya.

FISH ni malaki kadhaa na majibu yanachelewa, sikufichi. Lakini yalirudi chanya! Nililia palepale kaunta. Yaani tungemsikiliza jirani dada angekosa dawa inayomfaa.

Kabla ya Herceptin alipimwa eko (ultrasound) ya moyo maana dawa hiyo inaweza kuudhoofisha, na ataendelea kupimwa. Saa hizi anapata sindano pamoja na kemo, tamoksifeni ataanza kemo ikiisha. Majibu yote nimetoa kopi na kuyapiga picha kwenye simu, blok nimeirudisha ilikotoka ikatunzwe, tutaihitaji tena siku yoyote.